Moyo uleule, miguu mingine: kisa cha bibi mwenye moyo kushindwa na mazoezi ya kiti

Hiki kisa nakiandika kwa wenzangu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), manesi, na yeyote anaemuuguza mzee nyumbani ambae karuhusiwa juzi hospitali kaambiwa "mazoezi mepesi" halafu basi, hakuna aliemwambia mazoezi mepesi ndo yapi. Vitu vya kumtambulisha mtu nimevitoa, mtaa sitaji, hospitali sitaji, na mambo mawili matatu ya familia nimeyageuza kidogo. Vipimo vya kusimama na kutembea nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari langu, vibaya na vizuri.

Bibi na hali aliyotoka nayo hospitali

Tumwite Bibi tu. Miaka 70 na kitu, mji mmoja wa pwani ya Tanzania, mjane, anakaa na mwanawe wa kiume ambae ni fundi, mkamwana wake, na mjukuu wa kidato cha pili. Ana binti yuko Maskati miaka mingi, huyo ndo anatuma hela ya dawa, ya eko (ile picha ya moyo), ya bajaji, yani sauti ya mwisho ndani ya nyumba ile iko ng'ambo ya bahari.

Presha anayo zaidi ya miaka 20 na kama wengi wetu alikuwa anameza dawa kichwa kikiuma, kisipouma anaacha. Hiyo kwetu Afrika ndo njia kuu ya moyo kuchoka. Utafiti wa THESUS-HF uliotoka 2012, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa, yani kushindwa kusukuma damu inavyotakiwa, kwenye nchi 9 za Afrika, ulikuta presha ndo chanzo cha kwanza, asilimia 45 hivi. Ila wastani wa umri wa wale wagonjwa ulikuwa miaka 52. Ndo manake sisi tumezoea wagonjwa wa moyo ambao bado wana miili ya kufanya kazi, akija mzee kama huyu mkono unakuwa mzito, hujui umshike wapi.

Safari hii ilikuwa mara ya tatu kulazwa ndani ya mwaka mmoja, akakaa siku 11. Aliingia miguu imejaa mpaka magotini, analala kaegemea mito mitatu, akilala chini anasema kama anazama. Wakamtoa maji akatoka na kilo 46 na nusu, ngozi na mifupa. Eko ilionyesha kila pigo moyo unasukuma asilimia 35 ya damu iliyomo, wakati moyo mzima unasukuma 55 kwenda juu. Dawa zake zilikuwa Lasix (ya kutoa maji kwa mkojo), spironolactone, carvedilol na losartan, na vidonge vya kuongeza damu. Magoti yote mawili yanalia akiyakunja. Mimi sikuandikiwa mgonjwa huyu na mtu, mjukuu wake ndo alinifata kliniki siku ya kuchukua dawa akaniuliza kama mazoezi mepesi ni kuruka kamba.

Siku ya kwanza nyumbani

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki cha mikono, miguu juu ya stuli, kanga mabegani, mkamwana anamlisha uji kwa kijiko. Mikono yake haina tatizo lolote, anaweza kushika kijiko vizuri tu. Ila amri ilitoka Maskati kwamba mama asiguse kitu, na mkamwana akaifata amri kama ilivyo, anamuogesha, anambebea ndoo, anamuinua kwa kumshika makwapani, usiku anamuwekea kopo asiende choo cha uani. Kwa hiyo mtu asidhani hii ni nyumba ya kumtelekeza mzee, wale walimpenda mpaka akawa hainuki.

Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba baba, we ndo mtu wa mazoezi? Mi mazoezi siwezi, moyo wangu umetanuka."

Nikampima kwa kile kipimo cha SPPB, ambacho hakihitaji mashine, ni saa ya simu, kiti, na mita 4 za sakafu. Kina sehemu tatu, kusimama bila kuyumba, mwendo wa mita 4, na kuinuka kwenye kiti mara 5 mikono imekunjwa kifuani, kila sehemu ina alama 4, jumla 12. Kusimama miguu imebanana aliweza sekunde 10, kuweka kisigino cha mguu mmoja ubavuni mwa kidole gumba cha mwingine akayumba sekunde ya 4, hapo alama 1. Mita 4 alitumia sekunde 10, alama 1. Kuinuka bila mikono hakuweza hata mara moja, alama 0. Jumla 2 kwa 12.

Nikamuuliza anataka nini. Hakusema anataka moyo upone. Akasema "Nataka niswali nimesimama, na usiku nende chooni mwenyewe nisimuamshe mtoto wa watu." Mtoto wa watu ni mkamwana, ambae alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Nilisikia nikaandika lakini sikuyatafakari sana hayo ya mtoto wa watu, na ntarudi huko mbele manake ndo moja ya makosa yangu.

Nilivyoanza vibaya

Nikafanya kile nilichozoea. Mgonjwa wa moyo anatembea, ndo tulivyofundishwa, unamtembeza dakika kadhaa, wiki ijayo unaongeza. Nikamtembeza Bibi ukumbini, kwenda na kurudi, nikiwa nimemshika kiwiko. Mzunguko wa tatu pumzi ikawa fupi, akashika ukuta, akaniangalia akasema "Baba, umekuja kunimaliza?" Akakaa. Siku nne zilizofata nikija anajifanya kalala.

Hapo ikabidi nikae nifikirie. Mazoezi ya kutembea na baiskeli kwa wagonjwa wa moyo yana ushahidi, ule utafiti mkubwa wa HF-ACTION wa 2009 ulikuwa na watu 2,331, lakini nusu yao walikuwa chini ya miaka 60 na walikuwa wametulia, hawakutoka wodini wiki iliyopita. Bibi si wale. Bibi shida yake ya kwanza siku ile haikuwa pumzi, ilikuwa mapaja. Kuna utafiti wa 2007 uliwalaza wazee 12 wazima kabisa, hawana ugonjwa, siku 10 kitandani, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguu. Sasa huyu kalala siku 11, mgonjwa, hali chakula vizuri, ni mara ya tatu kwa mwaka, halafu kila akirudi nyumbani anakaa kwenye kiti anabebwa. Kwa mapaja yale kutembea ukumbini mara tatu kwake ni kama mimi na wewe kupanda mlima tunakimbia. Unampa mtu kazi ya juu kabisa ya mwili wake halafu unaiita mazoezi mepesi.

Tulivyobadilisha, na kwanini

Kilichonisaidia ni utafiti wa REHAB-HF uliotoka 2021 Marekani, wagonjwa 349 wa miaka 60 na zaidi, karibu wote dhaifu au wanaelekea udhaifu, waliokuwa wamelazwa kwa moyo kushindwa. Wale hawakuanza na pumzi peke yake. Walianza na mambo manne kwa pamoja, nguvu, kusimama bila kuyumba, kujongea kwa shughuli za kila siku, na ustahimilivu, na mtu akiwa dhaifu sana kwenye jambo moja ndo anaanzia hapohapo alipo. Baada ya miezi 3 waliofanya mazoezi walikuwa na 8.3 kwenye SPPB, wasiofanya 6.9. Ukisikia unaona ndogo, ila alama moja tu kwenye kipimo hiki ni tofauti anayoisikia mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo tukaachana na ukumbi tukarudi kwenye kiti. Cha kwanza kile cha plastiki kikatolewa, ni chepesi, kinateleza, na ukikaa unazama. Tukaleta kiti cha mbao cha mezani, tukakiegemeza ukutani, juu yake mablanketi matatu yaliyokunjwa kwa kukazwa, siyo mto manake mto unabonyea. Kwa urefu ule Bibi akaweza kuinuka bila mikono. Mara moja. Akacheka mwenyewe, manake tangu atoke wodini alikuwa hajainuka bila kushikwa makwapa.

Hiyo ndo ikawa dozi. Kuinuka mara 5, kupumzika mpaka pumzi irudi, mara 5 tena, na kila akifikisha mara 8 mfululizo siku tatu tunatoa blanketi moja. Hakuna haja ya vyuma, blanketi ndo uzito wenyewe, ukilitoa kazi inaongezeka. Halafu kusimama kwenye fremu ya mlango, mikono inagusa mbao lakini haishiki, sekunde 10 kwa 10. Halafu kushika nondo za dirisha anapanda kwa vidole vya miguu anashuka. Halafu kizingiti cha mlango wa uani, ambacho ni kirefu kweli, kukivuka na kurudi, mguu wa kuume kwanza kesho wa kushoto kwanza. Kutembea kukabaki, ila vipande vya dakika moja moja vyenye kupumzika katikati.

Mapigo ya moyo sikuyatumia kupima ukali wa kazi, carvedilol inayabana yasipande kwa hiyo yanadanganya. Nilitumia maneno. Akiinuka na kukaa aweze kunijibu sentensi nzima bila kuikata katikati, akianza kujibu "ee" na "aa" tunasimama. Na ahesabu kwa sauti ili asizuie pumzi, wazee wengi wakijikaza wanaziba pumzi na presha inapanda ghafla. Kuhesabu kwa sauti aliona kama mtoto wa chekechea, akachukua tasbihi yake, kila akiinuka anasema neno lake na kusukuma punje moja, na pumzi ikawa inatoka yenyewe. Hilo sikumfundisha mimi.

Na kabla ya kila siku kulikuwa na maswali ya mlangoni. Umelala mito mingapi? Miguu imejaa kuliko jana? Kifua kinauma? Kizunguzungu? Uzito? Kilo 2 kupanda ndani ya siku 3 hakuna mazoezi, ni kliniki.

Wiki ya tatu, kizunguzungu

Saa 4 asubuhi, mara ya sita ya kuinuka, Bibi akasema "naona giza" akarudi kwenye kiti kama gunia. Presha akiwa kakaa 118 kwa 70. Tukasubiri, nikamsimamisha nimemshika, baada ya dakika moja ikawa 88 kwa 56.

Kumbe asubuhi alikuwa anameza vyote kwa mpigo, Lasix, losartan, carvedilol, na chai ya rangi na kipande cha mkate. Mjukuu alipanga hivo ili asisahau kabla hajaenda shule, na kwa akili ya mtoto kapanga vizuri tu. Mimi dawa sigusi, siyo kazi yangu, nikampigia daktari wa kliniki nikamsomea namba. Losartan ikahamia usiku, carvedilol akaambiwa lazima iende na chakula cha maana, na sisi mazoezi tukayapeleka baada ya swala ya alasiri. Giza halikurudi tena.

Lakini ukweli ni kwamba presha ya kusimama nilitakiwa niipime siku ya kwanza. Mzee, dhaifu, anameza dawa nne zinazoshusha presha, na mimi namfundisha kuinuka ghafla ghafla. Sikupima manake kamashine kangu ka presha nilikatumia mtu kakaa, kama kawaida yetu, ukiona namba nzuri unafunga begi.

Simu kutoka Maskati

Mjukuu akarekodi video ya bibi yake anainuka mara 8, akaituma kwa shangazi yake kwa furaha. Usiku ule nikapigiwa simu. "Kaka, nani amekuruhusu kumfanyisha mama yangu mazoezi ya jeshi? Anatoka jasho yule! Mimi natuma hela apumzike."

Sikumlaumu na hakuwa mjinga. Madaktari wenyewe miaka mingi waliamini hivohivo, moyo umechoka upumzishe, mgonjwa alazwe. Mpaka mwaka 1990 pale Oxford watu 11 tu kuendesha baiskeli nyumbani kwao ilikuwa habari ya kuandika kwenye jarida kubwa. Kwa hiyo binti anasema kile ambacho dunia nzima ilikuwa inasema yeye alipokuwa mdogo.

Nikamwambia hivi: dada, moyo wa mama ni injini ya boti iliyopungua nguvu, hatuwezi kuibadilisha, lakini boti ina watu wenye makasia, na hao ni misuli ya miguu, wakipiga vizuri injini haihangaiki, wakiwa wamelala wote injini inavuta peke yake. Akanyamaza. Halafu akasema "sawa lakini akifa?" Na hilo swali sikuwa na jibu la mfano, nikamwambia siwezi kukuahidi uhai, namsimamia, nikiona dalili nasimamisha. Kilichomaliza ugomvi hakikuwa mimi, ni Bibi mwenyewe alichukua simu akasema "We unataka nikae, mi nataka niswali nimesimama. Niache."

Katika simu hizohizo ndo nikajua ametuma "chumvi ya wagonjwa" kutoka huko, iko jikoni wiki mbili inatumika. Nikaenda nikasoma lebo, potasiamu kloraidi. Mtu anaekunywa spironolactone na losartan tayari mwili wake unabakiza potasiamu, ukimuongezea hiyo moyo unaweza kusimama kabisa. Kliniki wakampima damu siku ileile, potasiamu ilikuwa juu kidogo, haijafika pabaya. Kopo likatupwa. Hii mi naiweka hapa kwa herufi kubwa kama ingewezekana, manake hizi chumvi zinakuja kwa mapenzi, kwenye mabegi ya ndugu, na hakuna anaeuliza.

Mzani juu ya zulia

Wiki ya sita. Daftari la uzito lilikuwa linajazwa kila asubuhi, kazi ya mjukuu, na namba zilikuwa zinaruka, 47.1, 46.0, 48.9, 46.6. Familia wakazoea kwamba mzani ule ni muongo wakaacha kuuamini. Mi nilikuwa naangalia namba moja ya siku niliyokuja naendelea.

Kukawa na harusi ya ndugu mji wa jirani. Bibi akaenda, safari ya basi, na kama kila anaekunywa Lasix siku ya safari hakumeza, nani anataka kusimamisha basi kila nusu saa. Huko akala samaki ng'onda na achari siku mbili. Kurudi akaniambia yuko salama. Nikamuuliza mito, akasema mmoja. Mkamwana nyuma yake akanyanyua vidole vitatu.

Nikaomba mzani, nikauona kwa mara ya kwanza unapokaa: juu ya zulia la chumbani. Mzani wa namna ile ukiuweka juu ya kitu laini unasoma chochote. Tukauweka kwenye sakafu ya saruji, kilo 49.8. Kwa uzito wa kliniki wa wiki mbili nyuma, ambao ndo pekee wa kuaminika tuliokuwa nao, kaongeza 2.6. Hakuna mazoezi, bajaji, kliniki. Lasix ikaongezwa siku 5, maji yakatoka, hakulazwa. Mazoezi yakasimama siku 9 na tuliporudi tukarudisha blanketi moja kwenye kiti.

Nikamuuliza kwanini alinificha. "Ningekwambia ungenikataza kiti." Alishakipenda.

Ramadhani

Ikaingia wiki ya tisa. Bibi alitaka kufunga, daktari akakataa, na Lasix na maji yaliyotoka juzi hilo halikuwa na mjadala, akatoa fidia akanuna siku mbili. Ila kilichotuangusha si saumu yake bali ya wengine. Nyumba nzima imefunga, alasiri mkamwana yuko jikoni na futari, mjukuu kalala na njaa, baba yake hajarudi kazini, na mimi mwenyewe nakokota miguu. Saa ileile tuliyoichagua kwa ajili ya presha ikawa saa ambayo hakuna mtu wa kusimama karibu na kiti. Kutoka siku 5 kwa wiki tukashuka 2. Tungeihamishia baada ya tarawehe tangu siku ya kwanza ya mwezi isingekuwa hivo, tulikuja kushtuka limebaki kumi la mwisho.

Matokeo

Wiki 12. Siku zilizopangwa 60, zilizofanyika 37. Kiti hakina blanketi, anainuka mara 5 bila mikono kwa sekunde 19, alama 1. Mita 4 kwa sekunde 6.5, alama 2. Kusimama, zile mbili za kwanza anaziweza zote, na mguu mbele ya mguu anafika sekunde 5, alama 3. Jumla 6 kutoka 2. Bado ni mzee dhaifu kwa kipimo chochote, lakini usiku anaenda chooni mwenyewe na tochi ya simu, na anaswali rakaa ya kwanza amesimama, inayofata anakaa.

Eko ya mwezi wa nne tangu tuanze ilirudi ileile, asilimia 35. Moyo haukubadilika hata punje.

Ndani ya zile wiki 12 hakulazwa. Mwezi wa tano akalazwa siku 6 kwa kichomi. Akatoka na alama 4, tukarudisha mablanketi mawili.

Uchambuzi

Nianze na kishawishi. Mtu aliyelazwa mara tatu kwa mwaka kukaa wiki 12 bila kulazwa, mkono unawasha kuandika "mazoezi yamezuia kulazwa". Siwezi. REHAB-HF yenyewe, na watu wote wale, haikuonyesha tofauti ya kuaminika kwenye kulazwa tena, waliofanya mazoezi walilazwa mara 1.18 kwa mtu ndani ya miezi 6, wasiofanya 1.28, na kwenye vifo pia haikuonyesha faida. Bibi hakulazwa wiki ya sita kwa sababu vidole vitatu vilinyanyuliwa mlangoni na kliniki ikaongeza Lasix mapema. Kiti kilimpa miguu, na miguu ndo aliyoiomba. Ukienda kwa familia ukaahidi moyo utapona kwa mazoezi, eko inayofata itakuumbua.

Kilichobeba kazi yote ni mpangilio, nguvu na kusimama kwanza, mwendo baadae. Ningerudi siku ya kwanza leo ningeanza na kiti na ukumbi nisingeugusa wiki tatu. Na lile lengo lake. Kuswali umesimama ni kuinuka, kusimama bila kuyumba, kuinama, kurudi, yani SPPB nzima iko humo ndani, ningekuwa mjanja ningeligundua hilo yeye alipolisema badala ya wiki ya nne. Kwa mgonjwa mwingine itakuwa kwenda kupanga foleni ya maji au kukaa kwenye kiti cha kanisani na kuinuka na wenzake, kazi ni ileile.

Chakula nilichelewa. Wiki ya saba ndo niliuliza kwa makini anakula nini, na jibu lilikuwa chai na mkate, uji, chai na mkate. Misuli huwezi kuijenga kwa chai. Tukaingiza yai, kunde, samaki mbichi wa kuchemsha bila chumvi nyingi, maziwa kwenye uji. Wiki sita za mwanzo nilikuwa najenga nyumba bila matofali.

Mzani sitaki kuuzungumza sana, ni aibu. Ukimkabidhi mtu mzani nenda ukaangalie unakaa wapi.

Lakini kosa ambalo lilikula zaidi ni mkamwana. Miezi mitatu nilikuwa namfundisha mjukuu, manake ana simu, anacheka, anauliza, na kwa macho yangu yeye ndo alikuwa timu. Miongozo ya Ulaya ya 2021 inasema mgonjwa dhaifu vizuri mazoezi yake yasimamiwe, na kwetu msimamizi siyo fizio anaekuja mara mbili kwa wiki, ni yule anaeshinda na mgonjwa. Mjukuu yuko shule mpaka saa 10. Anaeshinda na Bibi ni mtoto wa watu. Yeye ndo aliekuwa anamlisha uji, na mimi nilipofika siku ya kwanza nilisema mbele ya wote "msimlishe, mnamlemaza", sikumwangalia usoni. Yeye alikuwa anatii amri ya wifi yake, na kwa kuitii kaambiwa anamlemaza mkwewe na mgeni. Baada ya hapo hakuniambia kitu mpaka vile vidole vitatu, na hata hivo hakuvisema kwa mdomo.

Kwa hiyo Ramadhani ilipovuruga ratiba hapakuwa na mtu wa kuishika. Baada ya kichomi nilipoanza upya nilikwenda saa ya asubuhi mjukuu yuko shule, nikakaa jikoni, nikamuomba radhi, nikamuuliza yeye anaona Bibi anachoka saa ngapi. Akasema saa 5 mpaka saa 7 ndo yuko vizuri, dawa za asubuhi zimeshatulia na hajala cha mchana, na mimi miezi yote ile nilikuwa napigana na alasiri. Presha ya kusimama tukaipima saa 5, ikawa 112 kwa 68. Tasbihi alikuwa nayo yeye mfukoni, akatoka nayo tukaenda kwenye kiti.